Hesabu za SAT: alama zimegoma kupanda, tatizo liko wapi?

Aliyemaliza kidato cha sita Mbeya, Iringa au Njombe na analenga chuo cha Marekani kwa kufanya SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya huko, akiona alama zake za hesabu zimesimama palepale, hukimbilia kutafuta kitabu kingine. Kinakopwa, kinatolewa kopi stesheneri, kinasomwa sura tatu za mwanzo, kisha kinafuata cha tatu. Kwa kawaida kitabu hakina kosa. Labda ni cha mtihani mwingine kabisa, au ni kizuri lakini kinatibu ugonjwa ambao msomaji haumwi. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela nyingine, pima.

Kipimo cha kwanza: daftari la makosa

Fanya sehemu nzima ya hesabu kwa saa. Kwenye programu ya Bluebook, ambayo ni ya bure na ndiyo inayotumika siku ya mtihani wenyewe, hesabu zina moduli mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Kama huna kompyuta, College Board, wenye mtihani huu, hutoa pia majaribio ya kuchapa kwenye karatasi. Hayo yana maswali 27 kwa dakika 43 kila moduli, kwa hiyo usishtuke ukiona idadi haifanani.

Ukimaliza, sahihisha, lakini usifungue ufafanuzi. Rudia kila swali ulilokosa bila saa na bila kuangalia jibu, kisha liandike daftarini na herufi moja pembeni:

D, yaani dhana: hata bila saa hulijui.
L, yaani lugha: ulipolisoma mara ya tatu, au mtu alipokueleza kwa Kiswahili linauliza nini, ukaliweza mwenyewe.
H, yaani hesabu ndogo: njia ilikuwa sahihi, ila alama ya kutoa ilipotea, mabano yalifunguliwa vibaya, au vidole viliteleza kwenye kikokotoo.
M, yaani muda: bila saa unalipata bila msaada wowote.

Swali ulilobahatisha ukapata, liandike pia. Usipolihesabu kama kosa, daftari litakudanganya.

Fanya hivi kwa majaribio mawili yaliyoachana wiki moja, ndipo uhesabu herufi. D zikizidi nusu, unahitaji kitabu chenye mafunzo ya mada, si kitabu cha mazoezi matupu. L zikiwa nyingi, hakuna kitabu cha hesabu kitakachokuponya peke yake. H na M zikitawala, vitabu ulivyo navyo vinatosha kabisa; kinachohitaji kubadilika ni namna unavyofanya mazoezi.

Dalili: kitabu kinafundisha mambo usiyoyaona kwenye majaribio ya Bluebook

Vitabu vya SAT vinavyozunguka mikononi mwa wanafunzi vingi vimeshapita mikono mitano au sita, na mtihani umebadilika zaidi ya mara moja. Usitegemee jalada, kwa sababu mara nyingi limeng'oka au kopi haikulichukua. Angalia ndani.

Ukikuta ushauri wa kuacha swali wazi kama huna uhakika kwa sababu kosa linakatwa robo alama, au ukikuta chaguzi tano kutoka A hadi E, kitabu hicho ni cha kabla ya Machi 2016. Ukikuta sehemu moja ya hesabu isiyoruhusu kikokotoo, yenye maswali 20 kwa dakika 25, na nyingine yenye maswali 38 kwa dakika 55, ni cha enzi ya karatasi iliyofuata. Kwa watahiniwa wa nje ya Marekani enzi hiyo iliisha Machi 2023, mtihani ulipohamia kwenye kompyuta. Siku hizi kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho, kosa halikatwi chochote, na moduli ya pili huwa ngumu au rahisi kulingana na ulivyofanya ya kwanza.

Je, kitabu cha zamani kitupwe? Hapana. Mada za aljebra za kitabu cha 2016 hadi 2023 bado zinafaa sana, hasa kwa mwenye D nyingi. Mikakati ya muda na makadirio ya alama ndiyo uyaruke. Cha kabla ya 2016 tungekiacha, isipokuwa huna kingine cha kujifunzia misingi.

Kuna kosa la ajabu kidogo ambalo hutokea mara kwa mara. Ukikuta maswali yanayokupa Kiasi A na Kiasi B na kukuuliza kipi kikubwa, umebeba kitabu cha GRE, mtihani wa wanaoomba shahada ya uzamili. GRE ina maswali 27 ya hesabu kwa dakika 47, haina trigonometria, na kikokotoo chake ni kidogo cha kwenye skrini. Na ukikuta kitabu kisicho na jiometri hata kidogo, kinachosema hesabu zote zifanywe bila kikokotoo, hicho ni cha GMAT ya sasa, mtihani wa wanaoomba shahada za uzamili za biashara. Vyote viwili vizuri, lakini kwa watu wengine.

Kopi nazo zina matatizo yake. Kopi ya kopi hula vipeo: x² inakuwa x, na alama ya kutoa inageuka kitone cha wino. Jibu la nyuma likigoma kufanana na lako mara tatu mfululizo kwenye ukurasa mmoja, chunguza karatasi kabla ya kujilaumu. Angalia pia kama kurasa za majibu ni za toleo lilelile. Stesheneri wakati mwingine huunganisha matoleo mawili bila kujua.

Dalili: Basic Mathematics ulifaulu vizuri, hapa unakwama

Hii ndiyo inayowauma wengi, na chanzo chake ni kwamba mitihani hii miwili inalipa vitu tofauti. Kwenye mtihani wa kidato cha nne huingii na kikokotoo, unatumia majedwali ya hisabati, na kuonyesha njia kuna alama zake. SAT haijali njia. Swali moja, jibu moja, na kikokotoo kiko pembeni muda wote. Mwanafunzi aliyezoeshwa kuandika mistari minane iliyonyooka anaandika mistari minane pale ambapo miwili ingetosha.

Mada pia hazilingani. Dunia kama tufe, hesabu za biashara na leja, matriksi, vekta na programu mstari viweke kando, havitoki. Karibu asilimia 70 ya maswali ni aljebra ya mstari pamoja na ile ya juu kidogo, yaani kwadratiki, vipeo na kazi za kihisabati (functions). Uchambuzi wa data unachukua karibu asilimia 15, na jiometri pamoja na trigonometria asilimia 15 zilizobaki.

Ugumu wa aljebra hiyo unatokana na namna swali linavyouliza. Shuleni unaambiwa tatua, utafute x na y. SAT inakupa hivi:

4x − 6y = 10
kx − 9y = 7

Kisha inauliza: k ni ngapi ikiwa milinganyo hii haina jibu? Anayeanza kutafuta x atazunguka dakika tatu. Kutokuwa na jibu maana yake mistari miwili ina mteremko mmoja lakini haikutani. Kutoka 6 kwenda 9 umezidisha kwa 1.5, basi 4 ikizidishwa kwa 1.5 ni 6. Hakikisha tu kwamba 10 mara 1.5, ambayo ni 15, si sawa na 7. Kama ingekuwa sawa, mstari ungekuwa mmoja na majibu yasingekuwa na idadi. k = 6, umemaliza.

Au mlinganyo wa duara: x² + y² − 6x + 8y = 11, nusu kipenyo ni ngapi? Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) atakamilisha mraba bila shida: (x − 3)² + (y + 4)² = 11 + 9 + 16 = 36, nusu kipenyo 6. Wa CBG (kemia, biolojia na jiografia) au HGE (historia, jiografia na uchumi) huenda hajaigusa mada hii tangu azaliwe. Kwake hilo ni D halisi, na kitabu chake lazima kiwe na sura ya mlinganyo wa duara yenye mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua. Fungua faharasa ya kitabu kabla hujalipa. Kama haina mlinganyo wa duara, ukuaji wa kipeo, jedwali la pande mbili, mstari unaopita katikati ya nukta zilizotawanyika, na kiasi cha kosa katika sampuli, kirudishe mezani.

Jedwali la pande mbili lina mtego mmoja, na ni uleule kila mara. Chukua mfano wa kutunga: wakulima 120, kati yao 70 wa Rungwe na 50 wa Njombe. Wanaolima parachichi ni 42 wa Rungwe na 30 wa Njombe. Ukichagua mmoja kati ya wanaolima parachichi, uwezekano kwamba anatoka Njombe ni upi? Wengi huandika 30/120. Wengine 30/50. Maneno "kati ya wanaolima parachichi" yameshapunguza kundi likawa 72, hivyo jibu ni 30/72, yaani 5/12. Piga mstari chini ya maneno yanayotaja kundi kabla hujagusa namba yoyote.

Dalili: ukielezewa unaelewa, ukiwa peke yako swali halisogei

Hizi ni L. Hata aliyesoma sekondari kwa Kiingereza miaka sita amekutana zaidi na maswali mafupi ya "solve" na "simplify" kuliko aya ya mistari mitano yenye hadithi ndani yake. Dawa ni kuandika upya. Chukua maswali kumi ya maneno kwa siku, usiyatatue. Kwa kila swali andika kwa Kiswahili sentensi mbili tu: nimepewa nini, natafuta nini. Kisha andika mlinganyo, usimame hapo. Baada ya wiki mbili za hivyo, utaanza kuona kwamba swali refu mara nyingi lina mlinganyo mdogo.

Tengeneza pia orodha yako ya maneno yanayoponza. "5 less than y" ni y − 5, siyo 5 − y. "At least 12" ni 12 au zaidi, na "at most 12" ni 12 au pungufu. "150% of 40" ni 60, lakini "150% greater than 40" ni 100, maana 40 ya mwanzo bado ipo. "In terms of p" maana yake jibu litabaki na herufi p ndani, usihangaike kuitafutia namba. "Constant" ni namba isiyobadilika hata kama imeandikwa kwa herufi, kama ile k ya hapo juu.

Na mstari wa mwisho wa swali usomwe mara mbili. Ukipewa 3x + 2y = 17 na 2x + 3y = 13, ukaulizwa x + y, jumlisha milinganyo yote miwili: 5x + 5y = 30, jibu 6. Anayetafuta x kwanza anapata 5, anaiona 5 kwenye chaguzi, anaibonyeza kwa furaha.

Dalili: muda unaisha maswali matano hayajaguswa

Dakika 35 kwa maswali 22 ni kama sekunde 95 kwa swali, lakini usigawe sawasawa. Ndani ya moduli maswali huanza mepesi yakaenda yakikaza. Lenga kumaliza kumi ya kwanza ndani ya dakika 12. Swali likivuka dakika mbili bila dalili ya kufika, chagua chochote, liwekee alama ya kurudia, songa. Dakika tatu za mwisho hakikisha hakuna swali lililo wazi.

Chanzo kingine cha kuchelewa ni kikokotoo, kwa pande zote mbili: kuna wasiokigusa na kuna wanaokigusa hata kwa 7 mara 8. Ndani ya Bluebook kuna Desmos, kikokotoo cha kuchora grafu. Programu yake ya simu ni ya bure na ukishaipakua hufanya kazi bila bando, kwa hiyo hakuna sababu ya kukutana nacho mara ya kwanza siku ya mtihani. Ule mlinganyo wa duara, uandike kama ulivyo bila kukamilisha mraba. Duara linajichora, nukta ya juu kabisa (3, 2) na ya chini kabisa (3, −10). Urefu kati yao ni 12, nusu yake 6. Milinganyo ya k nayo iandike yote miwili, Desmos itakupa kitelezi cha k, ukisogeze mpaka mistari iwe sambamba. Ukipewa jedwali la data na kuulizwa mstari unaolifaa, ingiza jedwali kisha andika y₁ ~ mx₁ + b. Alama ya wimbi badala ya usawa ndiyo inayoamuru kitafute m na b.

Mitego yake ni miwili. Ukibonyeza alama ya kugawanya, kishale kinashuka chini ya mstari na kubaki huko. Usipobonyeza mshale wa kulia, nusu ya x inakuwa 1 kugawanya kwa 2x. Wa pili ni pembe: Desmos huanza ikiwa kwenye radiani. Andika sin 30 na kama inakupa −0.988 badala ya 0.5, fungua alama ya spana uweke digrii.

Lakini 5x + 10 = 3(x + 8) itatue kwa mkono. Kabla kidole hakijamaliza kuandika, x = 7 imeshapatikana.

Usipoteze wiki kukariri fomula za eneo na ujazo pia. Karatasi ya fomula imo ndani ya Bluebook: duara, pembetatu, silinda, tufe, koni, piramidi, Pithagorasi, na pembetatu za 30-60-90 na 45-45-90. Zisizomo, na ambazo ni lazima ziwe kichwani, ni fomula ya kwadratiki, mteremko, mlinganyo wa duara na umbo la ukuaji wa kipeo. Hili la mwisho liwe na tahadhari: kitu kinachoanza na 50 na kuongezeka mara mbili kila baada ya saa 3 ni 50 · 2^(t/3). Wanaoandika 2^(3t) wanakifanya kiongezeke mara nane kila saa.

Dalili: jibu lilikuwa sahihi, programu imelikataa

Karibu robo ya maswali hayana chaguzi. Unaandika mwenyewe, nafasi tano tu kwa jibu chanya na sita kwa hasi pamoja na alama yake. Theluthi mbili iandike 2/3, au 0.666, au 0.667, au .6667. Ukiandika 0.67 ni kosa, kwa sababu hukujaza nafasi ulizopewa. Tatu na nusu ni 3.5 au 7/2. Ukijaribu kuiandika kama namba mchanganyiko inasomeka 31/2, thelathini na moja chini ya mbili. Usiweke alama ya asilimia wala koma ya maelfu. Makosa haya ni H, na yanaisha kwa jioni moja ya mazoezi.

Dalili: nyumbani unapata juu, jaribio kamili linashuka

Angalia mambo haya kwa mpangilio huu. Je, nyumbani unafanya mada moja moja? Sura ya asilimia yenye maswali 30 ya asilimia imeshakupa nusu ya jibu, kwani unajua mbinu kabla ya kusoma swali. Kuanzia wiki ya tatu changanya mada. Benki ya maswali ya College Board inakuruhusu kuchuja kwa mada na ugumu, na Khan Academy ina mazoezi ya bure. Toa maswali 22 yaliyochanganyika, weka saa dakika 35.

Je, unasoma ufafanuzi na kusema "ahaa, kumbe"? Hiyo ahaa ni ya aliyeandika kitabu. Funga ukurasa, andika njia yote upya, rudia swali hilo baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki. Lifute daftarini likitoka sahihi mara zote mbili.

Je, umerudia jaribio lilelile? Majaribio rasmi ni machache. Ukilirudia unapima kumbukumbu. Weka mawili bila kuyagusa kwa ajili ya wiki tatu za mwisho.

Na je, unapoteza maswali mepesi mwanzoni? Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Makosa mengi kwenye moduli ya kwanza yanakupeleka kwenye moduli ya pili iliyo rahisi, na huko dari la alama ni fupi. Mtu mwenye H tano kwenye maswali kumi ya kwanza asihangaike na maswali magumu ya mwisho wa kitabu. Arudi nyuma na kutumia sekunde kumi kwa kila jibu kulirudisha ndani ya mlinganyo aone kama linakubali.

Dalili: huna kompyuta, na umeme hauaminiki

Bluebook haifungui kwenye simu. Inahitaji Windows, Mac, iPad au Chromebook ya shule. Simu ibaki ya Desmos na Khan Academy, na majaribio ya karatasi yachapishwe. Ila tafuta kompyuta ya kuazima angalau kwa majaribio mawili kamili, kwa sababu kusoma grafu kwenye skrini huku unaandika kwenye karatasi ya pembeni ni ujuzi wa pekee.

Siku yenyewe intaneti inahitajika kuanza na kutuma majibu. Ikikatika katikati, endelea kufanya. Saa haikusubiri lakini majibu yanahifadhiwa kwenye kompyuta. Betri ndiyo ya kuogopa. Mtihani wote ni saa 2 na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko na maandalizi, hivyo kompyuta iliyochakaa inayokaa saa moja na nusu haifai bila chaja. Ukipangiwa kituo cha Dar es Salaam, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za basi. Fika siku moja kabla, chaji usiku uleule, na usiiwashe njiani kutazama filamu.